Injini Inapochemka: Tulitengeneze Gari au Tuliuze?

Gari la nyumbani likianza kuchemka, aghalabu hukumu hutolewa kabla ya uchunguzi. Baba husema liuzwe upesi lingali linatembea. Mjomba husema injini itolewe iwekwe nyingine. Jirani, ambaye gari lake mwenyewe lina mwezi mzima juu ya matofali, naye ana rai yake. Wakati huo mama anahesabu nauli ya tuktuku ya kuwapeleka watoto shule na madrasa.

Ugonjwa ujulikane kwanza. Gari linalochemka likiwa katika foleni ya feri ya Likoni, kisha likapoa likishapata mwendo, mara nyingi lina feni isiyozunguka, na tiba yake si ghali. Linalochemka likipanda kuelekea Mazeras huenda lina jambo zito zaidi: rejeta imeziba, au gasketi ya hedi imeungua. Hapa pwani rejeta nyingi huharibiwa na kitu ambacho kila fundi anakijua na kila dereva anakipuuza, nacho ni maji ya kisima. Chumvi yake hula chuma, na chokaa yake huacha ukoko kama ule wa ndani ya birika la chai. Rejeta haki yake ni kulanti, si ndoo ya maji ya uani.

Gasketi ikiungua, maji na oili huweza kukutana. Injini ikiwa imepoa, chomoa kijiti cha kupimia oili. Ukiona rangi ya chai ya maziwa, gari lisiwashwe tena, livutwe. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto ni maji yanayoungua. Moshi wa buluu ni oili, na huashiria ringi za pistoni au sili za vali zilizochakaa. Kabla ya kukubali kuambiwa kuwa injini imekufa, dai silinda zipimwe mgandamizo, moja baada ya moja, na uandikiwe matokeo. Kisha mwite fundi wa pili, wala usimwambie alichosema wa kwanza. Mwanamke akienda gereji peke yake hudhaniwa hajui lolote. Karatasi yenye tarakimu humpunguzia maneno mengi.

Sasa hesabu. Tuseme gari likiwa zima lingeuzwa shilingi 600,000, na kwa ubovu wake wanunuzi wanatoa 380,000. Tofauti ni 220,000. Matengenezo ya 90,000 yana maana hata kama nia ni kuliuza baadaye. Ya 250,000 hayana, isipokuwa bodi haijaliwa na kutu na mmeazimia kukaa nalo miaka. Zile fedha za matairi na breki za mwaka jana zisiingizwe humu, zimekwisha kwenda. Na ikiwa matengenezo yatalipiwa kwa mkopo wa riba wa kwenye simu, kwa maoni yangu ni heri gari liuzwe.

Injini iliyotumika kutoka Japani ni njia ya kati, lakini hujui iliishije huko ilikotoka. Taka dhamana ya maandishi, na namba yake mpya ibadilishwe katika kumbukumbu za NTSA, la sivyo siku ya kuuza utakwama.

Mkiamua kuuza, hapo ndipo penye mtihani. Madalali watakushauri uliogeshe gari, utie oili nzito inayoficha mlio, na mnunuzi aje asubuhi injini ikiwa imekwisha kupashwa moto. Tunakumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) katika soko la Madina, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta chini pamelowa. Mwenye mali alijitetea kwa mvua, naye akaulizwa kwa nini hakuuweka unyevu huo juu watu wauone. Gasketi iliyoungua ndiyo nafaka ya chini.

Wengine hujikinga kwa kusema, “nakuuzia lilivyo.” Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu, sharti hilo halimvui muuzaji dhima ya aibu aliyoijua akainyamazia, mnunuzi ana hiari ya kurudisha mali. Basi dosari iandikwe katika mapatano ya mauzo, pamoja na matokeo ya vipimo, na pande zote mbili zitie saini. Bei itashuka, naam. Lakini wapo mafundi wanaotafuta magari ya namna hiyo wayatengeneze wenyewe, na hao hawaogopi kuambiwa ukweli. Wanaouogopa ni wale ambao wangerudi mlangoni baada ya wiki.

Uhamisho wa umiliki ufanywe siku ile ile fedha zinapopokewa. Hadi utakapokamilika, jina lililo katika kumbukumbu ni lako, na gari likisababisha ajali Changamwe au Malindi, atakayetafutwa kwanza ni wewe.