Pikipiki Ikawiayo Kuwaka Asubuhi



Hapa Kigamboni siku huanza kabla ya jua. Saa kumi na moja alfajiri watu wa Mjimwema, Kibada na Gezaulole wamekwisha kutoka majumbani mwao. Wengine waelekea kivukoni wapate pantoni la kuvukia Magogoni, wengine wapita Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, ili wafike Kurasini na mjini. Wengi wao huchukuliwa na bodaboda. Basi kijana awahiye abiria wa alfajiri amekwisha kupata sehemu njema ya riziki ya siku. Naye ambaye chombo chake chakawia kuwaka, abiria wake huchukuliwa na mwingine. Tena wengi huendesha kwa mkataba, yaani humpelekea mwenye chombo hesabu kila siku mpaka muda utimie na pikipiki iwe yao. Asubuhi mbili tatu zikipotea katika juma moja, hesabu hupungua, na kilichopungua hutolewa katika unga na ada za watoto. Kwa hiyo twaona jambo hili si la fundi peke yake. Ni la nyumba nzima.

Neno la kwanza la kufahamu ni hili: baridi ya Kigamboni ni ndogo. Katika miezi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti, joto la alfajiri hushuka kufika nyuzi 18 au 20 hivi. Ndugu zetu wa Makete na Njombe huamka wakakuta umande umeganda juu ya majani, na pikipiki zao huwaka. Basi pikipiki ya pwani ikitaka kiki kumi na tano ndipo iitike, tusiilaumu hewa. Baridi yetu hii ndogo haileti ugonjwa. Yaufunua tu ule uliokuwamo. Nao ugonjwa ukifunuliwa mapema, dawa yake huwa rahisi.

Sababu yake ni hii. Petroli ikiwa majimaji haiwaki ndani ya injini; mvuke wake uliochanganyika na hewa ndio uwakao. Chuma kikiwa cha baridi, petroli nyingi hubaki matone, na mvuke huwa haba. Ndiyo maana ya choki: huongeza kipimo cha petroli kuliko hewa mpaka injini ipate joto. Taabu hii ni ya kale sawa na pikipiki yenyewe. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, mafundi wa Cannstatt katika Ujerumani, waliunda chombo cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli. Injini hiyo haikuwa na plagi. Ilikuwa na kibomba kidogo, nacho hakina budi kupashwa moto kwa ndimi za taa kabla injini haijawaka.

Injini ya namna hii huomba vitu vitatu: mchanganyiko ulio sawa wa petroli na hewa, cheche yenye nguvu, na mshindilio, yaani pistoni iubane mchanganyiko ule pasipo kuuvujisha. Kimoja kikipungua kidogo, injini yenye joto huvumilia, lakini iliyo baridi haivumilii. Hivyo kazi yetu ni kuuliza ni kipi kati ya vitatu kilichopungua, tukianza na kile kisichogharimu senti.

Kwanza, tutazame desturi ya kuwasha. Fungua koki ya petroli, ungoje kidogo, hasa kama chombo kimelala siku kadhaa, maana petroli iliyomo katika kibakuli cha kabureta hukauka. Vuta choki mpaka mwisho, wala usizungushe resi, kwa kuwa ukiifungua, mvuto wa choki hupotea. Piga kiki. Ikiisha kuwaka, irudishe choki polepole, na baada ya dakika moja au mbili iondoe kabisa. Aendeshaye na choki wazi mpaka kivukoni huharibu petroli, huijaza plagi masizi, na petroli isiyowaka huosha oili katika kuta za silinda. Ukiona umepiga kiki nyingi na harufu ya petroli imezidi, injini imekunywa kupita kiasi: ondoa choki, fungua resi yote, kisha upige kiki mara kadhaa ipate hewa.

Tena tazama choki yenyewe. Pengine waya wake umelegea, na mkono wavutwa juu lakini chini hapana kinachosogea.

Pili, petroli. Ile inunuliwayo katika chupa za maji kando ya njia huweza kuwa na maji au uchafu, au imekaa juani hata mvuke wake mwepesi umekwisha kuruka. Wasomaji watakumbuka pia habari ya uchakachuaji, yaani kuchanganya mafuta ya taa, iliyowafanya wenye mamlaka kuanza kutia vinasaba katika mafuta mwaka 2010. Mafuta ya taa hayatoi mvuke wa kutosha katika baridi. Basi petroli iliyochanganywa huweza kwenda vema mchana na kukataa alfajiri. Nunua katika kituo, uone kama siku tatu zaleta tofauti.

Tatu, cheche. Ifungue plagi asubuhi, baada ya injini kukataa. Ikiwa na rangi ya udongo mkavu, ni njema. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, petroli imezidi au filta ya hewa imeziba. Ikiwa imelowa petroli, mchanganyiko wafika lakini cheche haiuwashi. Ikiwa imelowa oili, kuna uchakavu ndani. Nafasi ya ncha za plagi katika pikipiki nyingi ndogo ni milimita 0.6 hadi 0.8, kitabu cha chombo chako kitakuambia hasa. Nasi tukaao karibu na bahari tusisahau chumvi: upepo wa pwani na rasharasha za kivukoni hula ncha za nyaya na kutia kutu katika kofia ya plagi. Mara nyingi kusafisha viungo hivi kwatosha. Pikipiki za stata zataka pia betri yenye nguvu. Na zile mpya zinyunyizazo petroli kwa umeme hazina choki ya kuvuta. Humo betri dhaifu ni ya kwanza kushukiwa.

Nne, kabureta na njia ya hewa. Ndani ya kabureta mna tundu jembamba sana lipitishalo petroli ya mwendo wa chini. Likiziba kwa takataka, dalili zake zajulikana: chombo huwaka kwa choki tu, na ukiiondoa hufa, hata kikiwa na joto. Dawa ni kulisafisha, na si kulichokonoa kwa waya, kwa maana waya hulipanua. Utazame pia mpira uunganishao kabureta na injini. Ukipasuka, hewa huingia pasipo ruhusa.

Tano, valvu. Hapa ndipo wengi hupotea. Kati ya valvu na chuma kiisukumacho yapasa pawe na nafasi, kama milimita 0.05 au 0.10 katika pikipiki nyingi ndogo. Kadiri kiti cha valvu kinavyolika, nafasi ile husongwa, hata mwisho valvu haifungi sawasawa na mshindilio huvuja. Ajabu yake ni kwamba injini hiyo huwa kimya, haigongigongi, na mwenyewe husifu ukimya wake. Jirani yetu mmoja, kijana wa bodaboda, alinunua plagi tatu na kabureta mpya kwa muda wa miezi miwili, na pikipiki ikazidi kukawia, huku mwenye mali akitaka kuirudisha kwake. Fundi mzee akaigusa kiki kwa mkono, akaona yashuka laini pasipo ukinzani. Akapima valvu, akazipa nafasi yake. Kesho yake chombo kikawaka kwa kiki ya pili. Fedha ya kabureta ilikuwa imekwisha kwenda. Kama mshindilio haurudi hata valvu zikiwa sawa, basi ni ringi au viti vya valvu, na hiyo ni kazi kubwa ya kufungua injini.

Kwa sababu hiyo twatoa shauri moja lipitalo mengine yote: chombo chako kilale kwa fundi. Ukikipeleka saa sita mchana kikiwa na moto, kitawaka mara moja mbele yake, naye atabahatisha. Fundi wa adhuhuri hawezi kuuona ugonjwa wa alfajiri. Tena valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa.

Lakini lipo neno zito kuliko riziki. Kwa kuogopa wezi, nyumba nyingi hulaza pikipiki sebuleni, na alfajiri baba huiwasha humo humo, akaiacha ingurume ili ipate joto, watoto wangali wamelala. Moshi wa injini una hewa iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, nayo huua mtu usingizini. Isukumwe nje kwanza, ndipo iwashwe. Wala isifunguliwe kabureta au plagi karibu na jiko, mshumaa au sigara, maana mvuke wa petroli hutambaa chini na kuufuata moto.

Mwisho twawaomba walimu na watoto wajuao kuandika waisaidie nyumba. Katika daftari waandike kila asubuhi: kiki ngapi, choki ilivutwa au sivyo, petroli ilinunuliwa wapi, na jana kilibadilishwa kitu gani. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa mara moja, maana wabadilishao vitatu pamoja hawajui kilichoponya ni kipi, na ugonjwa ukirudi huanza upya. Juma moja la daftari hilo, likisomwa mbele ya fundi, laweza kuokoa gharama ya spea isiyohitajika, na kumfikisha baba kivukoni kabla ya pantoni la kwanza kuondoka.