Maneno ya Wimbo Ukutani: Aliyeketi Nyuma Naye Aimbe



Siku hizi ukienda harusi, harambee au sherehe ya kufunga mwaka huku kwetu, iwe ni Njoro, Bahati au Subukia, si ajabu kukuta shuka jeupe limetundikwa ukutani na maneno ya nyimbo yakimulikwa hapo kutoka kwa kompyuta. Mjini Nakuru vijana wanauita mchezo huu karaoke. Muziki unapigwa bila mwimbaji, maneno yanatokea kwa skrini, na yeyote mwenye moyo anashika maikrofoni. Vikundi vyetu navyo vimeona kwamba ni njia nzuri ya kuchangisha. Mtu anatoa kitu kidogo ili achague wimbo, mwingine anaongeza ili mzee fulani asimamishwe aimbe, watu wanacheka, na mfuko wa kikundi unajaa.

Unajaa ikiwa watu wanaweza kusoma yale maneno. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Kikundi kimoja cha akina mama niliokuwa nikiwasaidia walikuwa wakitafuta pesa za tangi la maji. Walikodisha projekta, nami nikajitolea kuandaa maneno ya nyimbo. Nilikaa usiku mbili nikipamba. Niliweka picha ya flamingo wa Ziwa Nakuru nyuma ya maneno, nikachagua herufi za kujikunja kama zile za kadi za harusi, na kila ubeti nikauweka mzima katika slaidi moja, laini nane. Kwa kompyuta yangu ilipendeza kweli. Usiku wenyewe ukumbini, ubeti wa kwanza watu waliimba wote kwa sababu wanaujua kwa kichwa. Ubeti wa pili, viti vya mbele viliendelea na viti vya nyuma vikanyamaza. Saa tatu haijafika, watu wameanza kutafuta kofia zao. Tulilipa projekta na kubaki na hela za kuhesabu kwa mkono mmoja.

Lakini si pesa zilizoninyima usingizi. Mama mmoja wa umri wa mama yangu, ambaye alikuwa amejiunga na masomo ya gumbaru mwaka huo, alinijia akaniambia kwa upole: “Mwalimu, mimi nilifikiri ni kusoma kumenishinda tena.” Hakuwa ameshindwa yeye. Nilishindwa mimi kuandika.

Tangu siku hiyo nimejifunza kwa majaribio. Hakuna programu ya bei inayohitajika. PowerPoint inatosha, na kama hamna, LibreOffice Impress ni ya bure na inafanya kazi hiyo hiyo hata kwa kompyuta kuukuu.

Ukubwa wa herufi

Mafundi wa kuandika vibao wana kipimo chao: kwa kila futi 10 za umbali, herufi kubwa iwe na urefu wa inchi 1. Basi ukumbi wa futi 50 unataka herufi za inchi 5 pale ukutani. Kama picha ya projekta yako ina kimo cha futi 5, hiyo ni saizi 60 hivi katika PowerPoint. Mimi sishuki chini ya 44 hata kwa ukumbi mdogo. Ukiwa na shaka, chukua rula uende ukapime herufi pale pale ukutani. Na ukiwa nyumbani, fungua slaidi ijae skrini, kisha rudi nyuma futi 6, yaani hatua mbili kubwa. Ukiona unakunja uso ili usome, yule wa kiti cha nyuma hataona kitu.

Ukitumia saizi hiyo, utagundua mara moja kwamba ubeti mzima hauingii. Vizuri! Usiubane. Weka laini mbili hadi nne kwa slaidi moja, nyingine ziende slaidi inayofuata. Slaidi hazilipiwi. Wimbo mmoja ukichukua slaidi kumi na tano, kuna hasara gani?

Jambo la pili, na hili ndilo wengi hawalifikirii, ni mahali pa kukata laini. Kompyuta hukata pale nafasi inapoisha, haijui kuimba. Chukua maneno haya ambayo nimeyatunga mwenyewe kwa ajili ya mfano. Kompyuta ikiachiwa, itayapanga hivi:

Tulianza na kikombe kimoja cha
unga na leo ghala letu limejaa
mahindi

Mwimbaji anafika kwa “cha” na sauti inaning’inia, hajui anakwenda wapi. Sasa yakate pale mtu anapovuta pumzi:

Tulianza na kikombe
kimoja cha unga,
na leo ghala letu
limejaa mahindi

Maneno ni yale yale, lakini huyu wa pili anaimbika. Njia rahisi ni kuuimba wimbo polepole ukiwa na kalamu, na kila unapopumua unachora mstari. Hapo ndipo utabonyeza kitufe cha kushuka laini. Neno la Kiswahili linaweza kuwa refu kama treni, kwa hivyo kamwe usiligawe vipande viwili ili liingie. Afadhali laini iwe na neno moja tu.

Kuna mazoea mengine ya kuandika kila kitu kwa HERUFI KUBWA, ati ndiyo yaonekane. Kwa kichwa cha wimbo ni sawa. Kwa maneno yenyewe, hapana. Herufi ndogo zina zile zinazopanda juu na zile zinazoshuka chini, kwa hivyo maneno hayafanani umbo. Yakiwa makubwa yote, kila neno ni kama boksi. Tena wanafunzi wa gumbaru wamezoea herufi ndogo za vitabuni. Tumia aina ya herufi iliyonyooka kama Arial, Verdana au Tahoma, na uinenepeshe. Zile za kujikunja waachie wenye kadi za harusi.

Rangi, na wale flamingo wangu

Weka maneno meupe au ya manjano juu ya rangi moja iliyokolea, kama buluu nzito au nyeusi. Hiyo tu. Nyekundu juu ya nyeusi haionekani kutoka mbali, na nyekundu pamoja na kijani huwachanganya baadhi ya watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi rangi hizo mbili. Picha nyuma ya maneno ni adui. Neno jeupe likiangukia mbawa ya flamingo, limepotea. (Nao flamingo wenyewe, wengi walilihama Ziwa Nakuru maji yalipopanda katika miaka ya 2010. Pengine nilipaswa kuwaacha waende.) Kama kikundi kinataka picha, iweke katika slaidi ya kwanza pamoja na jina la wimbo, kisha iondoke.

Vivyo hivyo maneno yanayoruka kutoka kila upande na kujizungusha. Mara ya kwanza watoto hupiga makofi. Mara ya tano watu wanangoja maneno yatulie na muziki umewapita.

Wakati wa kubonyeza

Neno karaoke ni la Kijapani, na maana yake ni okestra tupu, yaani bendi isiyo na mwimbaji. Mwanamuziki Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake mjini Kobe mwaka wa 1971, na maneno yalikuwa katika kijitabu. Skrini zilienea baadaye, katika miaka ya 1980. Lakini kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1920, Max na Dave Fleischer kule Marekani walikuwa wakitengeneza filamu fupi za kuimbisha watu sinemani, na kijimpira kiliruka juu ya maneno, neno baada ya neno, ili ukumbi mzima ujue wakati wa kulitoa. Waliona kwamba mwimbaji hahitaji maneno tu, bali pia kujua lini.

Sisi tunaweza kupata kijimpira chetu bila ufundi mkubwa. Tengeneza slaidi yenye laini nne nyeupe. Ifanyie nakala tatu, ziwe nne kwa jumla. Katika ya kwanza, laini ya kwanza iwe ya manjano. Katika ya pili, laini ya pili, na kuendelea. Ukibonyeza mshale wa kulia, itaonekana kama rangi inashuka ukutani pamoja na wimbo. Kazi hii inachosha kwa wimbo mrefu, kwa hivyo mimi huifanya kwa nyimbo ambazo watu hawazijui vizuri.

Kiitikio kinakili tena baada ya kila ubeti. Ukikiweka mara moja tu, mwenye kompyuta atahangaika kurudi nyuma na kwenda mbele huku watu wakiimba kwa kubahatisha. Mwimbishaji akiamua kuruka ubeti, andika nambari ya slaidi na ubonyeze Enter, utafika moja kwa moja. Ziandike nambari hizo kwa karatasi kando yako. Kukiwa na hotuba katikati, bonyeza herufi B na ukuta utakuwa mweusi mpaka utakapobonyeza tena. Njia hizi zinafanya kazi kwa PowerPoint na kwa Impress.

Slaidi mpya itokee waimbaji wanapoanza neno la mwisho la slaidi iliyopo. Ukingoja wamalize, umechelewa. Ndiyo sababu ninasema anayebonyeza awe mtu anayeujua wimbo. Vikundi vingi humpa kijana anayejua kompyuta hata kama huo wimbo hajawahi kuusikia. Mimi naona heri mama anayeuimba tangu utotoni, afundishwe ule mshale mmoja wa kulia. Inachukua dakika tano.

Lugha zetu

Huku kwetu jioni moja huwa na nyimbo za Kiswahili, Gĩkũyũ, Kipsigis na nyingine. Kwa Gĩkũyũ, ile alama juu ya ĩ na ũ si pambo. Ukiiondoa, neno linaweza kuwa lingine kabisa. Katika Word, andika 0129 kisha ushike Alt na kubonyeza X, utapata ĩ. Andika 0169 ufanye vivyo hivyo, utapata ũ. Kisha nakili maneno uyapeleke kwenye slaidi. Kama herufi hizo zinatokea kama viboksi, badilisha aina ya herufi. Na maneno uliyotoa kwa intaneti usiyaamini hivi hivi, maana mengi yameandikwa na mtu aliyesikia vibaya. Mpe mzee au shosho anayeijua lugha ayapitie kabla ya siku yenyewe.

Mama wa gumbaru je? Kule India, Brij Kothari alipata wazo mwaka wa 1996 kwamba nyimbo za filamu kwenye runinga ziandikwe maneno chini, kwa lugha ile ile inayoimbwa, ili wenye kusoma kwa shida wapate mazoezi bila kujua kwamba ni masomo. Mwaka wa 1999 wazo hilo lilijaribiwa kwa kipindi cha nyimbo katika jimbo la Gujarat. Mtu anaujua wimbo tayari, kwa hivyo sikio linamtangulia jicho na kulishika mkono. Nasi tulijaribu hivyo. Mwalimu wa gumbaru alichukua slaidi zangu mpya, zisizo na flamingo, akawa anamaliza somo kwa wimbo mmoja. Tulipoandaa jioni ya pili ya tangi, yule mama alikaa kiti cha nyuma kwa kupenda kwake, na ubeti wa tatu nilimsikia.

Kabla ya kuuza tikiti

Maneno na muziki ni mali ya aliyevitunga, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kikundi kikitoza kiingilio na kupiga nyimbo za watu mbele ya umma, leseni inahitajika. Ulizeni Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, ni chama gani kimeruhusiwa mwaka huo kukusanya malipo, kwa maana vyama hivyo vimekuwa vikibadilika. Nyimbo mlizotunga wenyewe hazina shida hiyo, na ninaona ndizo zinazostahili kuwekwa ukutani kwanza.

Mwisho ni vyombo. Mchana chini ya tenti, projekta ndogo haifui dafu mbele ya jua. Ngojeni giza, au muazime runinga kubwa na waya wa HDMI. Pigeni shuka pasi na mlivute pembe zote nne. Wekeni nakala ya slaidi kwa flashi, na nakala nyingine ya PDF, kwa sababu kompyuta ya kuazima inaweza kukosa aina ya herufi zako na kuvuruga laini zote ulizokata kwa uangalifu, lakini PDF hutokea vile vile ulivyoiacha. Fikeni saa moja mapema, na mmoja wenu akakae kiti cha nyuma kabisa asome kwa sauti. Mwimbishaji awe na maneno yote kwa karatasi, na tochi mfukoni, maana stima hupotea bila kuuliza mko ubeti gani.