Unalala gesti Bukoba? Kagua haya kabla ya kulipa

Ukitoka Kimuli, Kyerwa, kwenda Bukoba kwa matibabu au shughuli nyingine, gesti ndogo inakuokolea pesa. Ila usilipe haraka.

Chumba cha "self" kina choo na bafu ndani. Cha kawaida ni nafuu, choo mnatumia pamoja. Omba kukiona kwanza: jaribu kitasa, komeo, maji na chandarua.

Mhudumu atakupa kitabu cha wageni ujaze jina, unakotoka, unakokwenda na kitambulisho. Usidanganye. Ukipatwa na shida usiku, ndugu au polisi wataanzia hapo kukutafuta.

Hakuna kitabu wala risiti? Huenda ni "gesti bubu", haijasajiliwa. Ukiibiwa humo, utamdai nani?