Virukia Mashambani (2): Tambua Kabla ya Kukata

Wiki iliyopita tulieleza jinsi ndege anavyoiacha mbegu ya kirukia yenye ulimbo juu ya tawi, ikaota hapo hapo bila kugusa udongo. Leo tuingie shambani. Mwenye kahawa Butembo na mwenye kakao Beni wajue jambo moja kabla ya kuinua panga: si kila kinachoota juu ya mti kinaunyonya.

Anza na kiungo, pale mmea unaposhika tawi. Okidi na kangaga hutambaza mizizi juu ya gome tu. Ukivuta, vinabanduka na mti unabaki mzima. Kirukia hakibanduki. Kimezamisha mzizi wake ndani ya mbao, na hapo tawi huvimba kama goti. Mara nyingi sehemu ya tawi iliyo mbele ya uvimbe hudhoofika na kukauka huku kirukia kikinawiri, kwa sababu maji yameishia njiani. Kuna pia mitini inayoanzia maisha juu ya miti mingine, lakini hiyo hushusha mizizi mpaka ardhini.

Kisha tazama majani. Ukiona kwenye mti wa avoka kichaka chenye majani mazito, ya rangi na umbo tofauti na mti wenyewe, sogea karibu. Ukijani huo usikudanganye: kirukia hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, lakini maji na madini hukiibia kilichokibeba.

Maua ndiyo hutenganisha koo. Ukoo wa Loranthaceae una maua marefu kama mirija, mekundu, ya waridi au ya manjano, yanayotembelewa na chozi. Humo, Phragmanthera hujulikana kwa manyoya ya rangi ya kutu kwenye machipukizi na chini ya majani machanga. Tapinanthus, kwa vichwa vilivyotuna kwenye ncha za matumba ya maua. Viscum ni wa kundi jingine: maua yake ni madogo mno, ya kijani-manjano, na baadhi ya aina hazina majani ya kuonekana, ni vijiti vya kijani vyenye pingili.

Msituni, Virunga na miteremko ya Ruwenzori, virukia hulisha ndege na havina kosa. Shambani ndipo vinapotugharimu, na okidi isiyo na hatia isilipe deni lao. Wiki hii kagua miti yako, funga kitambaa kwenye kila tawi lenye uvimbe. Wiki ijayo tutaeleza mahali pa kukata.