Majani ya uvimbe: maabara ipime tunachokunywa

Goti likivimba, kwa wengi wetu jani hutangulia kidonge. Mwarobaini huchemshwa, na mlonge siku hizi huuzwa hata ukiwa unga. Kwamba mmea unaweza kutuliza uvimbe halina ubishi: aspirini, iliyoingia sokoni mwaka 1899, ina asili yake katika magome ya miti ya jamii ya Salix. Kazi ngumu ni kujua jani lipi linafaa, kwa kiasi gani, na liandaliwe vipi.

Kipimo cha uvimbe kinachofuatwa na maabara nyingi kilielezwa mwaka 1962 na Winter, Risley na Nuss. Kabla ya kipimo chenyewe, mtaalamu wa mimea huthibitisha jina la mti, na tawi moja huhifadhiwa ili atakayerudia utafiti asichume mti mwingine. Majani hukaushwa kivulini, husagwa, hulowekwa na kuchujwa, kisha kimiminika chake huvukizwa hadi ibaki dawa nzito. Panya wakubwa wa maabara hunyweshwa dawa hiyo. Baadaye hudungwa karajenani kwenye unyayo wa mguu wa nyuma, nao huvimba. (Karajenani hutokana na mwani mwekundu, kundi lilelile la mwani unaolimwa na kina mama wa Paje na Jambiani, Zanzibar.) Kila saa mguu huzamishwa majini, na kiasi cha maji yanayopanda huonyesha ukubwa wa uvimbe. Kundi moja la panya hupewa maji matupu, jingine indomethasini, dawa ya hospitali ya kutuliza uvimbe. Bila makundi hayo mawili, namba za jani hazitufai kitu.

Kinachonisumbua ni hiki: tafiti nyingi huloweka majani kwenye ethanoli au methanoli, ambazo ni alkoholi, ilhali bibi nyumbani huchemsha kwa maji. Maji na alkoholi havitoi kemikali zilezile katika jani, kwa hiyo matokeo ya ethanoli si ushahidi wa sufuria. Tazama na kiasi. Panya mara nyingi hupewa hata miligramu 400 kwa kila kilo ya uzito wake. Dozi ya panya hugawanywa kwa 6.2 kupata ya binadamu, hivyo mtu wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 4 za dawa. Tuseme gramu 10 za majani makavu hutoa gramu moja ya dawa; hapo anahitaji gramu 40 za majani kwa mara moja. Nani hunywa hivyo?

Tena uvimbe wa panya huyo ni wa saa chache. Goti lililouma miaka mitano lina mambo mengine.

Nawaomba watafiti wetu, Muhimbili na kwingineko, wapime pia majani yaliyochemshwa kama wagonjwa wanavyoyachemsha, na waangalie usalama wa ini na figo kabla ya kutangaza mafanikio. Nawe msomaji, ukifika hospitali mtajie daktari kila jani unalokunywa, hasa kama unameza dawa za kisukari au za kuzuia damu kuganda.