Kusahau Pia ni Dalili ya Ugonjwa wa Hisia

Mama mboga aliyezoea kujumlisha hesabu za wateja watatu kichwani sasa anarudisha chenji mara mbili. Namba ya siri ya M-Pesa, aliyoitumia kwa miaka, inampotea akiwa mbele ya ajenti. Nyumbani wanasema amekuwa mzembe. Wanasahau kwamba miezi michache iliyopita aliugua msongo mkali wa mawazo. Anacheka tena na anakula vizuri, lakini akili haijarudia kasi yake.

Wengi wanajua kwamba magonjwa ya hisia, kama vile msongo mkali wa mawazo na baipola, huleta huzuni au uchangamfu uliopita kiasi. Jambo lisilojulikana sana ni kwamba magonjwa haya hugusa pia umakini, kumbukumbu na uwezo wa kupanga au kuamua mambo. Kwa baadhi ya wagonjwa, ugumu huo hubaki hata baada ya huzuni kuondoka. Hapo ndipo kazi hupotea na ndoa huyumba, kwa kuwa kila mtu anamwona amepona. Kwa wazee, msongo wa mawazo huweza hata kudhaniwa kuwa ni uzee tu.

Si kila kusahau hutokana na ugonjwa wenyewe. Kukosa usingizi, pombe, upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo huchangia. Dawa pia. Amitriptilini huweza kuleta usingizi na kusahau, hasa kwa wazee. Anayetumia lithiamu hupimwa damu mara kwa mara, kwa sababu ikizidi mwilini huvuruga akili. Hata hivyo, mgonjwa asiache dawa ghafla. Amweleze mhudumu wa afya jambo lenyewe, kwa mfano, "nasahau jiko likiwaka," badala ya kusema tu hajisikii vizuri. Dawa au kipimo chake huweza kubadilishwa.

Nyumbani, daftari dogo na kengele ya simu husaidia sana. Familia nayo imtume jambo moja kwa wakati mmoja, bila kumkaripia.

Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mgonjwa aandamane na mtu anayeishi naye, maana huenda yeye mwenyewe asikumbuke yote, na abebe dawa zote anazotumia, za kienyeji zikiwemo.