Homosisteini ikipanda uzeeni, chunguza figo

KUPANDA kwa kiwango cha homosisteini katika damu ya mtu mzima kunaweza kuashiria figo zilizodhoofika, si upungufu wa vitamini peke yake.

Homosisteini ni asidi amino inayozalishwa mwili unapotumia protini. Kiwango chake cha kawaida ni takriban mikromoli 5 hadi 15 kwa lita moja. Vitamini B12 na folati huusaidia mwili kuigeuza. Figo nazo zina mchango mkubwa katika kuipunguza.

Kwa watu wengi, uwezo wa figo kuchuja damu huanza kupungua baada ya umri wa miaka 40, na homosisteini huongezeka. Ongezeko hilo huambatana na maradhi ya moyo.

Je, vidonge vya vitamini ni tiba? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007, uliohusisha wagonjwa 2,056 wenye maradhi makubwa ya figo, ulionyesha kuwa vitamini hizo zilishusha homosisteini lakini hazikupunguza vifo.

Hivyo, kabla ya kukimbilia duka la dawa, ni vyema kumwomba daktari apime kretinini, protini katika mkojo na vitamini B12.